Mikosi ya Chaza Miiba

Spondylus spinosus ni spishi ya kisukuku ya chaza miiba. Aliishi katika bahari ya Kretasia ya Mwisho, zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita, mahali ambapo leo ni kusini mwa Uingereza na sehemu za Ufaransa na Ujerumani. Kumwita chaza ni kumpachika ukoo usio wake, kwani kwa nasaba yuko karibu zaidi na wale viumbe wa magamba mawili wanaoogelea kwa kuyapigapiga. Yeye hakuogelea. Alilala.

Magamba yake mawili yana matuta membamba yanayotawanyika kutoka kwenye bawaba hadi ukingoni. Gamba moja ni la adabu, halina makuu. La pili limeota miiba mirefu ya sentimita kadhaa, iliyochomoza huku na huku bila kushauriana.

Kazi ya miiba hiyo imewagombanisha wataalamu kwa muda mrefu. Sakafu ya bahari ile ilikuwa tope jeupe, laini mno, lililotokana na vibamba vya mwani wasioonekana kwa macho. Tope hilo ndilo lililoganda likawa miamba ya chaki, ile ya Dover ikiwemo. Chaza huyu alijibandika utotoni tu, kwenye kitu kidogo, kisha akabaki bila pa kujishikiza. Wapo wasemao miiba ilimzuia asizame topeni, na wapo wasemao ilikuwa ya kuwakomesha wenye meno na magando. Kama ni hiyo ya kwanza, ilimfaa alipokuwa hai; alipokufa alifukiwa kama wenzake wasio na mwiba hata mmoja, na huo ndio mkosi wake wa kwanza.

Mkosi wa pili humpata anapochimbuliwa. Gamba likitoka kwenye mwamba, miiba hubaki mwambani, na gamba huonyesha vikovu vidogo vya mviringo mahali ilipokatikia. Ndiyo maana wengi walioko makabatini ni vipara, ingawa kibandiko kinawatangaza kuwa na miiba. Anayetaka kuiokoa hukaa na sindano na brashi, akiondoa chaki punje kwa punje huku akibana pumzi. Asidi haimpunguzii kazi, maana chaki ni kalsiti na mwiba nao ni kalsiti: itakula vyote viwili bila upendeleo.

Mkosi mkubwa kuliko yote ulikuwa wa jina. Mwaka 1814 James Sowerby, mchoraji na mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alimwita Plagiostoma spinosum, akamweka katika jenasi isiyo yake. Haikuishia hapo. Gamba la jamii ya Spondylus lina tabaka la nje la kalsiti na bitana ya aragoniti, na aragoniti huyeyuka upesi ikiwa ndani ya chaki. Bitana ilipoyeyuka iliondoka na meno ya bawaba, yale yanayoshikamana kwa nguvu hata kumtenganisha aliye hai ni sharti kuyavunja. Pakabaki uwazi wa pembetatu chini ya ncha ya gamba. Wataalamu wa mwanzo wa karne ya 19 walipouona uwazi huo walidhani wamekutana na mnyama mpya kabisa. Magamba ya namna hiyo yakapewa jenasi Dianchora, mwingine akaleta Podopsis, mwingine Pachytes. Mnyama aliyepoteza bitana tu akawa na majina kama mtu anayekimbia wadai.

Karne hiyohiyo jambo likabainika na jenasi hizo zikafutwa, spishi ikarudishwa Spondylus, jenasi iliyopewa jina na Linnaeus mwaka 1758. Hata hivyo jina la Sowerby huandikwa ndani ya mabano, kwa kuwa kanuni za majina ya wanyama hudai hivyo spishi ikihamishwa jenasi. Aliyebuni jina akikosea ukoo, mabano hayo hayamtoki.

Jenasi yenyewe ingalipo, hata katika Bahari ya Hindi kwenye miamba ya pwani ya Afrika Mashariki. Wa siku hizi hawalali topeni: hujigandisha mwambani kwa gamba la kulia na kubaki hapo maisha yote. Kingo za mwili wao zina safu ya macho madogo, na miiba hufunikwa na sifongo na mwani hadi mnyama anafanana na jiwe, kiasi kwamba mzamiaji huweza kumgundua kwa kiganja kabla ya kumwona.