Muhadhara juu ya Ilmu ya Makontena

Wastahiki hadhirina, mabibi na mabwana, pamoja na wale walionong'onezana nilipokuwa nikipanda jukwaani: mimi niliyehitimu, baada ya miaka mitano ya kumlea binti mmoja, taaluma ambayo shahada yake nimejitunuku mwenyewe ili kuwapunguzia maprofesa usumbufu, nimesimama mbele yenu kubainisha jambo ambalo wanazuoni waliotangulia, maadhali walishughulishwa na vitu vidogo kama nyota na bahari, hawakulijali kabisa, nalo ni kontena.

Kila Jumamosi humchukua mwanafunzi wangu wa pekee, akiwa amevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia kwa hiari yake, hadi Molineux Point, hapa Port Botany, Australia, ambako winchi za bandari hii iliyofunguliwa mwaka 1979 huonekana waziwazi zikipakua na kupakia. Siku ya kwanza nilifungua darasa kwa tarikh. Nikamweleza kwamba ghuba tuliyokuwa tukiitazama, nahodha James Cook alipotia nanga mwaka 1770, aliipa kwanza jina la Bandari ya Taa, kwa wingi wa samaki hao waliovuliwa na mabaharia wake, kisha akaghairi akaiita Botany, kwa ajili ya mimea mingi aliyoikusanya Joseph Banks na mwenziwe Solander.

"Taa za kuwasha?"

Taa samaki, mama.

"Wanawaka?"

Hawawaki. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeuziwa taa mbovu, nami nikaandika daftarini: mwanafunzi ameelewa.

Ndipo nilipoingia katika fani yangu khasa. Nikanena, kwa sauti iliyowatawanya shakwe, juu ya Mmarekani Malcom McLean, ambaye mwezi wa Aprili 1956 alisafirisha masanduku makubwa 58 katika meli iitwayo Ideal X, na jinsi masanduku ya namna hiyo yalivyokuja kuwaondolea makuli wa bandari za dunia, Kilindini ikiwamo, magunia mabegani na riziki mfukoni kwa pamoja. Nikaongeza kwamba, kwa kuwa Australia huagiza kwa makontena vitu vingi kuliko inavyouza, mengi yaondokayo hapa huondoka matupu.

"Lile jekundu lina nini?"

Bidhaa.

"Umeona ndani?"

La.

"Sasa umejuaje?"

Hadhirina, hapa ndipo msomi wa daraja la chini angalitahayari. Mimi nilitazama saa.

Walakini ithibati kuu ya nadharia yangu imo katika kontena la pili, lile dogo la plastiki lenye kifuniko cha zambarau, ambamo mama yake, asiye na shahada yoyote katika fani hii na ambaye kwa sababu hiyo hulifunga sawasawa, hutia chapati, yai na vipande vya embe kila asubuhi ya shule, na ambalo mimi hulipekua jioni kwa ukali wa afisa wa forodha. Kwa desturi ya bandari hii, lapasa kuingia shuleni limejaa na kutoka tupu. Halijatoka tupu hata siku moja. Jumanne iliyopita niliorodhesha shehena: chapati, imeng'atwa pembeni mara moja, kwa adabu, mbegu kavu za mkaratusi, 3, unyoya, mweusi kwa mweupe, mchanga, kadiri ya kijiko, na jani moja lililokunjwa mara nne, ambalo Banks mwenyewe asingeliacha.

Nikauliza jani ni la nani.

"Lako. Lakini usilifungue, lina kitu ndani."

Kitu gani?

"Bidhaa," akasema, akaenda zake kuvua viatu.

Jani limo humu katika mfuko wa koti, limekaukia mikunjo yake, na mimi, bingwa wa makontena, mpaka dakika hii sijalifungua. Maswali yatapokewa baada ya chai.