Mgeni wa Kwenye Kiriba

Muuza miche wa kwenye simu hana mche mbaya. Anakutumia picha ya tawi lililoinama kwa embe, nawe uliyeko Dodoma, kwenye kiwanja ambacho kivuli chake pekee ni cha tangi la maji, unashtuka umeshatuma hela, tena na ya kutolea. Tawi lile lile nimeshaliona kwa wauzaji wengine, na mkono ulioshika ni ule ule.

Niliagiza miembe ya kubebesha kutoka Morogoro: Tommy, Keitt na Apple. Miche husafiri kwa basi, imelala kwenye buti kati ya magunia. Adui zake humo ni wawili: joto, na huruma ya wasafirishaji. Joto linaeleweka. Konda alinipokea kwa tabasamu: "Bosi, miche yako haijapata shida. Tumeimwagilia kila tuliposimama kuchimba dawa."

Sikuuliza kwa maji gani.

Karani wa vifurushi naye alikuwa ameitoa kwenye boksi na kuianika juani, kwa kuwa mti, alinieleza kwa upole, ni kitu cha nje.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mche, jembe la siku ya tatu ni mauaji. Umetoka kitaluni chini ya neti, umeshinda gizani kwenye buti. Ukiupeleka moja kwa moja kwenye jua la Dodoma, majani yanababuka. Ukae kivulini wiki moja au mbili, unyweshwe kwa kiasi, kisha uzoeshwe jua la asubuhi kidogo kidogo. Kivuli chenyewe ndicho kile cha tangi, na hakitulii. Nikawa nahamisha viriba kila kinapohama, huku mke wangu akiuliza lini na yeye atahamishiwa kiti.

Majirani wakaja kuwajulia hali wagonjwa. Mzee mstaafu wa nyumba ya pili aliona plastiki iliyofungwa pale kikonyo kilipounganishwa na shina, akatoa pole kwa mti kuvunjika. Mama mmoja alioneshwa majani machanga mekundu, akaniagiza nipulizie dawa ya nyanya haraka. Nikamweleza kwamba majani ya mwembe huanza na wekundu ndipo yakageuka kijani. Akaniitikia vile watu wanavyomuitikia mfiwa.

Mche uliosifiwa kuliko yote ulikuwa Keitt mmoja uliochipua kwa fujo. Fujo yote ilitoka chini ya kiungo: mwembe wa kienyeji uliobebeshwa ulikuwa unajirudishia shamba lake. Nilipovikata vile vichipukizi, mzee alininunia.

Kijana wa mashimo alichimba vizuri sana, futi mbili kwa mbili, akachanganya udongo wa juu na samadi iliyooza. Kisha akafukia mche pamoja na kiriba chake. "Nimeacha mfuko, mzee, udongo usimwagike." Tukaufukua, maana mizizi iliyofungiwa humo huzunguka humo humo mpaka mti udumae.

Mwembe wa kubebesha huanza kuzaa kama mwaka wa tatu. Mbuzi wa mtaani kwetu hawana subira hiyo. Tommy zote wamezila zikiwa majani. Nawe ukitaka kuagiza, ngoja mvua za Desemba zishike, na hela ya uzio itoe kabla hujampigia muuza miche.