Barua kutoka Duluth: Gari Linalovutwa kwa Pumzi

Mjomba, shikamoo. Bibi naye mfikishie shikamoo yangu, na wote mnaosomewa barua hii hapo barazani Igoma nawasalimu. Huku ni wazima, ila baridi. Siyo ile ya Julai inayowafanya mtafute masweta alfajiri. Leo kipimajoto kimesoma nyuzi 30 chini ya sifuri, na jirani yangu, mzee mmoja mstaafu, alipotoka kuchukua gazeti lake aliniambia hali ya hewa si mbaya sana. Watu wa Minnesota ndivyo walivyo. Nyumba ikiungua watakwambia angalau kumepata joto.

Mji wenyewe ungeupenda. Nimetoka kwenye ziwa la pili duniani kwa ukubwa, katika yale yasiyo na chumvi, nikaja kutua kwenye la kwanza, Superior. Chumvi ambayo ziwa halina, wao wameimwaga barabarani ili barafu iyeyuke, na inatafuna vyuma vya magari mchana na usiku. Tena, kama kwetu Mwanza, nyumba zimepanda kilima na barabara zinashuka moja kwa moja majini. Kuna moja inaitwa Lake Avenue. Ukisimama juu unaliona ziwa lote, na katikati ya mteremko wamekuwekea taa za barabarani, ili usimame kwenye barafu na utafakari maisha yako.

Ndiyo maana nilinunua pikapu ya fo-wili, ya mwaka 1999, chapa moja ya hapa hapa Marekani ambayo sitaitaja, nisije nikashtakiwa. Wewe Mjomba ukitaka fo-wili kwenye Land Cruiser lako unashuka topeni, unakaza loki za magurudumu ya mbele kwa mkono wako mwenyewe, unarudi ndani umechafuka, unavuta gia ndogo, na unajua kazi imefanyika. Hapa kuna kitufe kwenye dashibodi. Unakibonyeza ukiwa umevaa glovu, taa inapepesa kidogo, inatulia, huko chini unasikia "klak", nawe unaamini.

Basi nikaamini pale Lake Avenue. Taa ikawa kijani, nikakanyaga mafuta, matairi ya nyuma yakazunguka, ya mbele yametulia tuli kana kwamba hayahusiki na safari. Nyuma yangu foleni, na hakuna hata mmoja aliyepiga honi. Ingekuwa daladala ya Buzuruga ningeshaambiwa mpaka kabila la babu yangu. Huku wanasubiri tu, wanakutazama kwa huruma, na huruma ile inauma kuliko matusi. Walipokwisha kunipita, nikarudi kinyumenyume mpaka chini.

Gereji ya kwanza nilikoipeleka walichungulia dakika chache wakataka kuishusha difu nzima ya mbele, kwa ufundi wa dola 140 kwa saa. Ndipo nilipokutumia ule ujumbe wa sauti. Na ni kwa bahati tu kwamba mwishoni nililalamika pia kuhusu hita: hewa ya moto imekataa kuja miguuni, inapuliza kwenye kioo cha mbele peke yake, nimeanza kuvaa soksi tatu. Gereji sikuwaambia habari ya hita, maana nani anayempelekea daktari wa meno kidonda cha mguu? Wewe ukajibu kwa sentensi moja huku nyuma kuku wanalia: hayo ni ugonjwa mmoja, fuata mipira ya vakyumu.

Mfumo wenyewe nimeuona kwa macho yangu, na najua utacheka. Ukibonyeza kitufe, mota ndogo ya umeme kwenye transfa inaunganisha propela ya mbele. Hapo sawa. Lakini ekseli ya mbele ya kulia imekatwa vipande viwili, navyo havishikani mpaka uma uvutwe na kebo. Na kebo inavutwa na nini? Na pumzi! Kuna kidude cha duara chenye ngozi ya mpira ndani yake, kimefichwa chini ya sahani ya betri, na injini inakinyonya kupitia kimpira chembamba kuliko mrija wa soda. Ngozi ikinyonywa, kebo inavuta, ekseli inashikana. Isiponyonywa, propela inazunguka na nguvu yote inakimbilia kile kipande kilichokatwa. Gurudumu la kushoto nalo halipati kitu, kwa sababu difu humpa yule anayezunguka kirahisi. Aliyeamua ngozi ya mpira ikae chini ya betri, mahali asidi inapodondokea, ningependa siku moja tunywe naye chai.

Dizeli zenu hazina vakyumu ya kwao, ndiyo maana mna ile pampu nyuma ya altaneta. Injini ya petroli inayo, ila ina tabia ya rafiki wa mjini. Ukiwa umesimama, inanguruma taratibu na kunyonya vizuri, inchi 18 hadi 20 za zebaki. Ukikanyaga mafuta kupanda kilima, inapotea. Wameweka kopo la akiba na vali ya kuzuia isirudi, lakini mpira ukipata ufa akiba inaisha kabla hujafika katikati. Yaani fo-wili ilikuwa ikifanya kazi vizuri sana nyumbani kwangu, kwenye tambarare.

Yule mzee jirani ana gereji yenye hita, tukaingiza gari humo. Nikachomoa mpira kwenye swichi ya vakyumu iliyoko kwenye transfa, ile yenye kigololi nchani, na kabla sijaukaza mkononi likaning'inia tone jekundu. Mafuta ya transfa, Mjomba! Swichi ilikuwa imechoka, na injini kwa kunyonya kwake ilikuwa ikiyapandisha mafuta taratibu kwenye mipira hadi dashibodini, kwenye kidude kinachogawa hewa ya hita kwa vakyumu hiyo hiyo. Kikikosa pumzi, hewa yote inakwenda kiooni, basi. Mipira ilikuwa imevimba na kulainika, ukiiminya inabaki na alama ya kidole.

Ngozi ya chini ya betri niliipima hivi: nikanyonya mpira wake kwa mdomo na kuziba kwa ulimi. Ukashika. Ulimi wangu ukang'ang'ania pale na kebo ikasogea mbele ya macho yetu. Mzee alinitazama mtu mzima nimening'inia kwenye gari kwa ulimi, akasema si mbaya. Ladha ya mafuta ya transfa sikushauri.

Swichi mpya ilikuwa dola kama 40, mipira ni hela ya chai. Tukasafisha njia zote, tukafunga, na fo-wili ikashika, miguu ikapata moto. Nimepanda Lake Avenue nikiwapungia watu mkono.

Ila bado naendesha pole, maana fo-wili inakusaidia kuondoka tu, haikusaidii kusimama. Kila theluji ikianguka, wa kwanza kulala mtaroni ni wenye mapikapu makubwa waliokuwa wakituovateki. Kisha linapita greda la theluji, na hapa nao wana desturi kama ya daladala zetu, magreda yana majina. Idara ya barabara ya jimbo inawashindanisha wananchi, na mwaka 2021 mshindi mmoja aliitwa Plowy McPlowFace. Nimewaambia hapa kazini kwamba kondakta wa kwetu angewatungia bora zaidi kwa nauli ya kwenda Nyegezi.

Sasa Mjomba, kuhusu ile ankara yako niliyoipata jana kwa simu. Umeandika "ushauri wa kitaalamu, saa moja, dola 140". Ujumbe wako nimeusikiliza tena leo, hauzidi nusu dakika, na zaidi ya nusu yake ni kuku. Bei ya Duluth inalipwa na wanaokaa Duluth. Nakutumia ya Igoma kwa M-Pesa, na hao kuku wadai fungu lao kwako.