Homa ya Laptopu

Mpwa wangu kanunua laptopu ya gemu, kaitandika juu ya godoro, kisha analalamika kadi ya picha inafika nyuzi 95 na gemu linakwamakwama. Lisikwame kwa nini? Matundu ya kuvutia hewa yako chini, naye kayaziba kwa shuka. Dawa yake? Kupakua programu tatu za kupima joto. Homa haishuki kwa kupimwa, mjomba! Nikaifungua. Feni imejifunika blanketi la vumbi kana kwamba iko Lushoto mwezi Juni, na pasta ya kupitishia joto juu ya chipu imekauka kama ugali wa juzi. Brashi, pasta mpya kiasi cha punje ya dengu: nyuzi 74. Bwana mkubwa kashukuru, kairudisha godoroni.