Prefe Akaomba Biki

Asubuhi ya leo, katika ofisi ya shule moja hapa Mikelenge, mjini Kindu, prefe, yaani mkuu wa shule, amesoma kwa sauti barua ya kunisifu. Walikuwepo sekretari, mama aliyekuja kulipa prime ya mwanawe (mchango wa wazazi kwa walimu), na wanafunzi wawili waliopigishwa magoti kwa kuchelewa. Alipofika penye "mwerevu sana" alinyamaza, akanitazama kuanzia viatuni, akaomba biki.

Barua niliiandika mwenyewe, kwa amri yake. "Andika, nitasaini," alisema, na ndivyo mambo yanavyokwenda huku: mwenye shida anaandika, mkubwa anasaini. Nilikuwa nimekesha nikijisifu kwa Kifaransa cha mtu mzima mwenye kitambi.

"Egzeta ulipata ngapi?" akauliza.

Tangu 1967 Kongo nzima inafanya Mtihani wa Taifa mmoja, ndio Egzeta, na asilimia uliyoipata inakufuata kama jina la ukoo. Nikamjibu kwa sauti ya chini: hamsini na nane.

"58 na 'sana' havikai nyumba moja." Akakata "sana". Hapo "mwerevu" naye akaanza kuyumba. Mama wa prime akaingilia: "Mumuachie hilo, muzee, ni mtoto wa watu." Wakavutana, wakapatana kwa "mwenye bidii". Mmoja wa waliopiga magoti akacheka. Kwa huruma, prefe akaongeza kwa mkono wake: "Ana heshima."

Kinachoniuma zaidi ni kwamba barua hiyo ni ya kuombea chuo Marekani, ambako barua za namna hiyo ni siri. Sheria yao ya 1974 inampa mwanafunzi wa chuo haki ya kusoma yaliyoandikwa juu yake. Kwa hiyo fomu za maombi zina kisanduku cha kuweka alama, unaahidi kwamba haki hiyo huitaki. Unapewa haki ili uikatae! Wenzetu wanaamini kwamba sifa iliyopita mikononi mwa msifiwa imeshaanza kunuka.

Kwetu karatasi inaaminiwa kwa kashe, yaani muhuri, na katika hilo sekretari ni fundi. Alifungua daftari la barua zinazotoka, akaipa yangu namba, mkwaju, herufi za shule, mkwaju, herufi za prefe, mkwaju, mwaka. Bila namba hiyo barua haijazaliwa. Ikafuata saini. Kisha kashe, ambayo lazima iuume mkia wa saini: nusu juu ya wino wa mkubwa, nusu juu ya karatasi tupu, ili mjanja asiweze kuvitenganisha. Kidau cha wino kilikuwa kimekauka. Akakipulizia, akakitia maji, akagonga. Kashe iliuma saini vizuri, ikateleza, ikameza "ana heshima" yote.

Pasta naye ameniandikia barua nzuri kabisa, juu ya kaka yangu.

Mchana nikavuka Lualaba kwa pirogi hadi Alunguli, kuomba barua ya tatu kwa mwalimu aliyetufundisha kemia kwa vizibo vya soda: chekundu oksijeni, vyeupe hidrojeni. Yeye ni katika wale wanaoitwa "nouvelles unités", walimu wanaoingia darasani mwaka baada ya mwaka huku majina yao yakisubiri kuingizwa kwenye orodha ya mishahara. Elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule za msingi. Sekondari, mwalimu wa namna hiyo anakula prime, yaani anakula kile ambacho mama wa asubuhi alikuwa amekifunga kwenye pindo la kitenge. Serikali inampima mwanafunzi wake hadi asilimia ya mwisho, lakini yeye mwenyewe haijawahi kumhesabu.

Aliandika kurasa mbili kwa mkono wake. Hakuniuliza nilipata ngapi. Tulipofika kwenye fomu ya simuni, ikataka kujua aliajiriwa rasmi mwaka gani. Nikamshauri turuke hapo.

"Usiruke," akasema. "Andika: muiulize Kinshasa."