Meneja na Choo cha Ndani

Mbwa wa Kibeta, hapa Bukoba, hajawahi kuulizwa choo chake kiko wapi. Ana kibanja kizima cha migomba, ana mtaro wa barabarani, ana uzio wa jirani, na usiku kazi yake ya ulinzi inampa ruhusa ya kuzunguka popote anapotaka. Ukimwambia mzee wa hapa kwamba yuko mbwa anayekojoa ndani ya nyumba, tena juu ya pedi iliyonunuliwa dukani, atakuuliza mbwa huyo anaumwa nini, halafu ataulizia afya yako.

Mimi nimeulizwa sana, tangu mdogo wangu alipohamishiwa Dodoma kikazi, akakosa mwenye nyumba anayekubali mbwa, akaniletea Meneja. Meneja ni kijibwa cha manyoya meupe, mzito kama jogoo aliyeshiba, aliyekulia ghorofani Dar es Salaam bila kukanyaga tope. Jina nililikuta, sikulichagua. Mama mwenye nyumba, ambaye ukuta wake ndio ukuta wangu, alisikia jioni nzima, "Meneja, si hapo! Meneja, shuka kitandani! Meneja, jana tuliongea nini?" Asubuhi akanivuta pembeni na kuniuliza kwa upole kama kazini kwangu kuna matatizo.

Kumtoa nje kulishindikana. Mji huu wa Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, karibu maradufu ya Dar es Salaam, na mwezi wa nne ndio unaoongoza. Meneja alifika mwezi huohuo wa nne. Nikimfungulia mlango anachungulia, tone moja linamgusa pua, anageuka na kurudi ndani kumalizia shida yake chini ya kochi. Hata likiwaka jua, kuna mbwa wa mama mwenye nyumba, jitu la rangi ya udongo lisilo na jina, ambalo likimwona Meneja hukaa chini na kumtazama tu. Meneja hutazamwa mara moja, na haja yote humwisha.

Zile pedi alizokuja nazo zilikwisha upesi. Ni kitu cha maana, lazima nikiri. Chini kuna nailoni, juu kitambaa laini, katikati pamba ya karatasi iliyochanganywa na chembechembe za polima ambazo zikipata maji huyashika na kugeuka uteute mzito. Ni teknolojia ileile ya pampasi za watoto. Ubaya wake ni kwamba zinatumika mara moja na kutupwa, na kwa mjini kwetu kuzipata ni kuagiza Dar au Mwanza, ulipie na nauli. Nilipopiga hesabu nikaona mkojo wa Meneja kwa mwezi unanizidi mimi kwa matumizi, kuanzia umeme hadi samaki.

Nikashuka mjini kwenye duka la dawa, nikijua hospitalini hutumika pedi pana za kutandika kitandani kwa mgonjwa. Dukani kulikuwa na foleni, na binti wa kaunta alikuwa mtu wa kufuata taratibu.

"Karibu baba. Za mgonjwa au za uzazi?"

"Zozote zinazonyonya maji."

"Mgonjwa ana uzito gani?"

"Kama kilo tatu hivi."

Akaweka kalamu chini. "Basi huyo ni mtoto, baba. Chukua pampasi, saizi ya mwanzo."

"Pampasi haitamkaa. Ana mkia."

Nyuma yangu alikuwapo mama mjamzito, kadi ya kliniki mkononi. Akarudi hatua moja nyuma, mkono juu ya tumbo. Nikaeleza haraka kwamba ni mbwa, lakini hiyo haikusaidia. Binti yule, akiwa bado na huruma, akanishauri nichukue mpira wa kujifungulia, ule makintoshi ambao kina mama hubeba kwenda nao wodini pamoja na pamba, glavu na nyembe. Unakatwa kwa mita, unafuliwa, unaanikwa, unarudi kazini. Kama kuna kitu kimoja ninachoweza kumshauri mwenye kijibwa na kipato cha kawaida, ni mpira huo. Peke yake haunyonyi chochote, lakini ukitandika huo chini na juu yake kitu kingine chochote, sakafu yako imesalimika.

Tatizo ni kutoka nao dukani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na mfuko wangu mbadala niliuacha nyumbani, kwa hiyo nikapanda bodaboda nimekumbatia mpira wa kujifungulia, mwekundu, mbele ya watu. Dereva alisema hongera. Muuza ndizi pale tunapokunja kuipanda Kibeta alisema hongera. Kufika jioni, jirani mmoja alileta uji kwenye chupa ya chai, kwa ajili ya "mgeni wetu". Uji tuliunywa mimi na Meneja.

Juu ya mpira tukaanza na magazeti. Watu wengi hufikiri gazeti la zamani ni bure. Waulize wauza maandazi. Tangu mifuko ya plastiki iondoke, gazeti kuukuu ni mali, na mama anayekaanga vitumbua pale njiani alikuwa na mkataba wa mdomo na kila ofisi yenye magazeti. Nilimwomba anigawie kidogo. Akaniuliza ya kazi gani, nikamwambia. Alinitazama, akatazama vitumbua vyake, akasema magazeti yamekwisha, wakati ameyakalia.

Nikaokolewa na mpira wa miguu. Jirani yangu wa mkono wa kushoto ni Simba damu, na siku aliyoniona natandika, ukurasa wa juu ulikuwa na picha ya wachezaji wa Yanga wakishangilia. Meneja alizunguka, akanusa, akachagua mahali, akamaliza. Jirani alicheka hadi akashika nguzo. Tangu siku hiyo ananiletea magazeti ya michezo mwenyewe, yamekunjwa upande wa Yanga, na anabaki kuhakikisha yametumika. Mambo yalienda vizuri hadi jirani wa mkono wa kulia, ambaye ni Yanga, alipoanza naye kuleta ya kwake. Sasa wakawa wanakutana mlangoni pangu alfajiri kama wasimamizi wa uchaguzi, na Meneja, ambaye hapendi kuangaliwa, akaanza kubana.

Wapita njia nao hawakukosa la kusema. Sisi Wahaya tuna sifa yetu nchini, ya kusoma na kupenda ijulikane kwamba tumesoma. Kijana mmoja alipomwona Meneja amesimama juu ya gazeti, ameinamisha kichwa, akawaita wenzake: "Njooni mwone mbwa nshomile! Hakojoi mpaka amalize habari."

Maranda ya seremala niliyajaribu kwa muda mfupi. Yananyonya vizuri na seremala hufurahi ukimwondolea, ila Meneja ana manyoya marefu, na maranda hayakubaki kwenye beseni lake; yalihamia kitandani, kwenye soksi na kwenye mchuzi. Mtu mwingine akanishauri maganda ya kahawa, maana katika Bukoba na Muleba maganda ya kahawa si ya kutafuta. Hapo nilikataa. Kahawa ina kafeini, robusta yetu inaizidi arabika kwa kiwango chake, maganda nayo hayajaachwa nyuma, na kafeini ni sumu kwa mbwa. Meneja hutafuna kila anachokikalia. Mbwa anayekojoa ndani nimemvumilia. Mbwa anayekojoa ndani na asiyelala usiku kucha, hapana.

Harufu nayo ina siasa zake. Mkojo ukikaa hutoa amonia, kwa hiyo sabuni yenye amonia humwambia mbwa kwamba hapa ni chooni, karibu tena. Dawa ya klorini ukiimwaga juu ya mkojo mbichi hutoa hewa inayowasha macho na kifua. Nilichobaki nacho ni maji, sabuni ya kawaida, halafu siki iliyopunguzwa makali kwa maji. Sebule ikanukia kachumbari, jambo ambalo wageni hulichukulia kwamba chakula kinakuja.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyechoka kwanza. Siku moja aliingia bila hodi, akiwa na jembe na karai kuukuu lenye matundu, na ndani ya karai kipande cha ukoka kilichokatwa na udongo wake.

"Waitu, mtoto wa mwenzio unamlaza kwenye karatasi," alisema. Akaweka karai juu ya sinia, sinia juu ya mpira, akanieleza kwamba kwao Muleba, katika nyumba ya msonge ya bibi yake, sakafu yote ilitandikwa nyasi. Zikichakaa zinaondolewa, zinapelekwa kibanjani kuwa mbolea ya migomba, zinaletwa nyingine. "Na ng'ombe alilala humo humo. Hatukumnunulia pedi."

Meneja alinusa ukoka, akapanda, akazunguka, akajisaidia, akashuka na kujipangusa miguu kwenye zulia langu.

Nilimweleza mdogo wangu kwa simu. Akaniambia hilo analijua, Ulaya na Marekani watu hulipia kila mwezi waletewe mlangoni kipande cha majani mabichi ndani ya sanduku, kwa ajili ya mbwa wa ghorofani. Nikamrudishia mama mwenye nyumba habari hiyo. Alinyamaza kidogo, akatazama uwanja wake wote wenye ukoka, kuanzia ukutani hadi kwenye uzio, akaniuliza hao watu hulipa kiasi gani hasa.

Kesho yake kodi ya nyumba ilikuwa na kipengele kipya. Ukoka, karai moja kwa wiki, na mbolea inabaki mali yake.