Natafuta Mtu wa Kumi na Mbili

Jirani, una simu ya Android? Usinikimbie, leo sikopi.

Nimetengeneza programu ya kuhesabu lita za maziwa. Sawa, kijana wangu ndiye aliyetengeneza. Mimi nilitoa dola 25 za usajili, halafu nikazunguka Mweiga nzima kifua mbele nikijiita divelopa. Juzi kijana akaniambia kabla ya kuingia dukani lazima kuwe na jaribio la kufungwa. Nikakaa chini. Kufungwa? Kwa maziwa? Mama watoto akanitolea sweta, eti jela ya King'ong'o kuna baridi. Kijana akacheka mpaka akakohoa. Kumbe ni kutafuta watu 12, wakae na programu siku 14 mfululizo, ndipo uombe kuiweka sokoni.

Zamani hapakuwa na mambo haya. Unalipa, unapakia, inakaguliwa, umemaliza. Lakini Google Play walibadilisha: akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 lazima ipitie jaribio. Na mwanzoni walitaka watu 20! Desemba 2024 wakashuka hadi 12. Kampuni haziguswi na sheria hiyo. Mimi kampuni yangu ni ng'ombe mmoja, na hata yeye hunipiga mateke.

Basi nikaanza kusaka watu. Shosho ana mulika mwizi. Shemeji ana iPhone, akaniuliza kama najua huko divelopa hulipa dola 99 kila mwaka. Nikaitikia kama mtu aliyezilipa. Vijana wa boda wakasema bila bando hawajaribu kitu. Nikanunua bando. Kinyozi alikubali, akaninyoa jicho likiwa kwa simu. Ndiyo maana unaniona na kofia.

Tukafika 12 kamili. Siku ya kumi na tatu, mwanaboda mmoja akafuta programu na kujitoa kabisa, apate nafasi ya video za mpira. Tukabaki 11. Nikileta mwingine, naye ana siku zake 14 za kungoja. Nikamfuata stejini nikitoa moshi. Mbele ya abiria wote akaniuliza, "Mzee, kwani wewe mwenyewe unaitumia?"

Mimi huandika kwa daftari. Simu yangu imejaa.

Sasa jirani, nipe imeli yako. Wiki mbili tu. Bando utajinunulia.